Mashine za Unix kwa mnunuzi wa pili

Skrini inawaka, nembo ya kampuni ya Sun inatokea, kisha mistari michache ya maandishi meusi. Kwenye mstari wa anwani ya mtandao, mahali ambapo mashine za kampuni hiyo huonyesha namba inayoanza na 8:0:20, kuna herufi moja tu inayojirudia: ff:ff:ff:ff:ff:ff. Namba ya utambulisho ya mashine nayo ni f nane mfululizo. Diski ni nzima, kumbukumbu yote imehesabiwa, feni inavuma. Lakini kwa mhandisi aliyeinunua kwa mtumba ili achoree vipuri vya pampu, mashine hiyo imesahau jina lake, na programu ya usanifu aliyoilipia haitakubali kufunguka.

Wanunuzi wengi wa kompyuta za Unix zilizotumika walikumbana na skrini ya namna hiyo katika miaka iliyozunguka 2000. Kilichokufa ni betri ndogo iliyofichwa tumboni mwa chipu moja. Habari ya betri hiyo tutaifikia, kwa sababu inafunua jambo lililowaponza watu kuliko ubovu wowote wa chuma: mali yenyewe ilikuwa programu na kibali cha kuitumia. Aliyeanza na bei ya mashine alianza mahali pasipo.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamivu wa MIT nchini Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad kwenye kompyuta TX-2 ya Maabara ya Lincoln. Alichora moja kwa moja juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga, akaamuru mstari huu uwe sambamba na ule, na mchoro ukatii. Kompyuta aliyotumia ilijaza chumba. Wazo lilikuwa limeshapevuka, lakini chombo cha kulibeba hakikuwa na bei ya kununulika.

Katika miaka ya 1970 kampuni kama Computervision, iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1969, ziliuza mfumo mzima kwa mkupuo mmoja: kompyuta, meza ya kuchorea, skrini na programu, vyote vimefungamana na muuzaji mmoja. Kiti kimoja cha mchoraji kiliweza kugharimu zaidi ya dola 100,000. Waliomudu ni viwanda vya ndege, vya magari na vya elektroniki. Fundi mwenye karakana ya watu kumi alibaki na meza ya mbao, rula na karatasi, akifuta kwa wembe mstari uliokosewa.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1980, Apollo Computer ilipoanzishwa hukohuko Massachusetts. Mwaka uliofuata ilitoa mashine yake ya kwanza, DN100: kompyuta ya mtu mmoja, yenye skrini kubwa ya michoro, iliyounganishwa na wenzake kwa mtandao. Mchoraji hakulazimika tena kusubiri zamu kwenye kompyuta kuu ya kampuni. Mwaka 1982 ikafuata Sun Microsystems ya California, iliyoanzishwa na Andy Bechtolsheim, Vinod Khosla, Scott McNealy na Bill Joy. Jina lake ni kifupi cha mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Bechtolsheim alibuni mashine ya kwanza. Sun haikutaka kubuni kila kitu upya. Ilichukua prosesa ya Motorola 68000 iliyopatikana sokoni, mtandao wa Ethernet, na Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley ambayo Joy mwenyewe alikuwa ameishughulikia kwa mikono yake.

Kuchagua Unix ndiko kulikobadilisha biashara. Mfumo huo ulizaliwa mwaka 1969 kwenye Maabara ya Bell kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwaka 1973 ukaandikwa upya kwa lugha ya C. Kuanzia hapo uliweza kuhamishwa kutoka prosesa moja hadi nyingine bila kuandikwa upya wote. Kampuni changa ya kutengeneza mashine haikuhitaji miaka mitano ya kutunga mfumo endeshi wake. Ilichukua Unix ikairekebisha. Matokeo yake ni kwamba Unix ikawa na lahaja kama Kiswahili kilivyo na Kiunguja, Kimvita na Kiamu. Sun ilikuwa na SunOS na baadaye Solaris, Silicon Graphics ilikuwa na IRIX, Hewlett-Packard ilikuwa na HP-UX, IBM ilikuwa na AIX. Mtumiaji aliyezoea moja alijikuta anaelewana na nyingine baada ya siku chache. Programu hazikuwa na uelewano huo: iliyotengenezwa kwa Solaris haikufanya kazi kwenye IRIX hata kidogo, na kila mtengenezaji wa programu alilazimika kuitoa upya kwa kila lahaja.

Wahandisi waliziita mashine hizi wekstesheni, na bei yake iliporomoka haraka kwa kipimo cha zama zile. Aprili 1989 Sun ilitoa SPARCstation 1, kisanduku bapa ambacho watu walikilinganisha na boksi la pitsa, chenye prosesa ya megahezi 20. Bei ilianzia takriban dola 9,000. Mwaka huohuo Hewlett-Packard iliinunua Apollo kwa dola milioni 476, na mwaka 1990 IBM ikaingia uwanjani na RS/6000. Upande wa picha za pande tatu, Jim Clark, aliyekuwa profesa Stanford, alitoka na chipu alizobuni pamoja na wanafunzi wake na kuanzisha Silicon Graphics. Kazi ya chipu hizo ilikuwa kupiga hesabu za maumbo: kuzungusha kitu, kukisogeza karibu, kukiangalia kwa pembe nyingine, papo hapo mtumiaji anapotaka.

Programu nazo zilipanda. Samuel Geisberg, mwanahisabati aliyehamia Marekani kutoka Muungano wa Sovieti, alianzisha Parametric Technology mwaka 1985. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilianza kuuza Pro/ENGINEER, na mteja wake wa kwanza alikuwa John Deere, watengenezaji wa matrekta ya kijani yanayojulikana hata mashambani kwetu. Ndani ya programu hiyo mhandisi hakuchora mistari tu, alieleza uhusiano. Tundu liwe katikati ya bamba, unene wa ukuta uwe robo ya kipenyo. Akibadilisha kipimo kimoja, umbo zima linajijenga upya, na michoro yote inayolitegemea inafuata. Hesabu hizo zilihitaji prosesa yenye nguvu katika namba za desimali na kumbukumbu kubwa, na kompyuta ya mezani ya kawaida ya mwaka 1988 haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kilele cha zama hizo kiliruka angani tarehe 12 Juni 1994. Boeing 777 ndiyo ndege kubwa ya abiria ya kwanza ya kampuni ya Boeing kusanifiwa yote kwa kompyuta. Ilitumika CATIA, programu iliyozaliwa Ufaransa kwa Dassault, watengenezaji wa ndege za kivita za Mirage. Wasanifu walikaa mbele ya skrini zipatazo 2,200 zilizounganishwa na kompyuta kuu 8 za IBM, na sehemu za ndege zilikutanishwa ndani ya kompyuta kabla chuma hakijakatwa. Bomba lililogongana na nyaya lilionekana kwenye kioo, likahamishwa siku hiyohiyo.

Kisha soko likageuka.

Microsoft ilitoa Windows NT mwaka 1993. Intel ikatoa Pentium Pro Novemba 1995, prosesa ya kompyuta za kawaida iliyokaribia mashine za Unix kwa hesabu nzito. Mwezi huohuo ilitoka SolidWorks, programu ya maumbo ya pande tatu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows na kuuzwa kwa dola 3,995. Mwaka 1997 Dassault waliinunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola milioni 310. Mwaka huo pia toleo la 14 la AutoCAD, programu ya kuchorea, lilitoka kwa Windows peke yake. Wateja wake wa Unix waliachwa na toleo la 13. Kampuni kubwa zilizokuwa zimekodi mashine za Unix kwa mikataba ya miaka michache zilizirudisha na hazikuchukua mpya. Mashine zikaenda kwa madalali wa vifaa vilivyotumika, na kutoka kwa madalali zikaenda kwenye mnada wa eBay, ulioanza Septemba 1995. Baada ya soko la hisa la Nasdaq kufika kileleni tarehe 10 Machi 2000 na kuanguka, kampuni za intaneti zilizofilisika ziliongeza shehena. Sun ikajikuta inashindana na bidhaa zake yenyewe: mteja aliyehitaji mashine ya Sun aliikuta kwa dalali, karibu mpya, kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani.

Kwa mara ya kwanza, chombo kilichokuwa cha kiwanda cha ndege kilifika kwenye uwezo wa mhandisi aliyejiajiri, chuo kisicho na bajeti na karakana ya familia. Dirisha hilo lilikaa wazi takriban miaka kumi. Walionufaika nalo ni wale waliojua cha kutazama.

Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa anajua kwamba bei iliyobandikwa kwenye kioo ni mwanzo wa safari tu. Mnunuzi wa mashine ya Unix alikuwa na hesabu ya aina hiyo, tena yenye mitego zaidi. Hatua ya kwanza ilikuwa kuitaja programu kwa jina na kwa namba ya toleo. Toleo fulani la Pro/ENGINEER lilitaka toleo fulani la Solaris, na toleo hilo la Solaris halikukubali mashine zilizopita umri fulani. Mteja aliyekuletea kazi akiwa na mafaili ya CATIA toleo la 4 alihitaji mtu mwenye CATIA toleo la 4. Toleo hilo lilikuwa la Unix, na maumbo yake hayakuhamia toleo la 5 bila kupoteza kitu njiani. Airbus, watengenezaji wa ndege wa Ulaya, waliyaonja haya kwa gharama kubwa. Wasanifu wa ndege yao ya A380 nchini Ujerumani na Uhispania walikuwa wakitumia toleo la 4, wenzao wa Ufaransa na Uingereza toleo la 5. Nyaya zilizosanifiwa upande mmoja zilipofika kwenye kiwanda cha kuunganishia ndege Toulouse, Ufaransa, hazikukaa sawasawa ndani ya ndege. Mwaka 2006 kampuni ilitangaza kuchelewa kukubwa kwa ndege hizo. Ikiwa taasisi kama hiyo iliumia kwa tofauti ya toleo, mnunuzi wa mashine moja alikuwa na kila sababu ya kuuliza mara mbili.

Hatua ya pili ilikuwa kadi ya picha, na hapa ndipo mjuzi alipookoa fedha nyingi. Tuchukue Octane, mashine ya Silicon Graphics iliyotoka Januari 1997. Ilikuja na daraja kadhaa za kadi. Zile za juu zilikuwa na kumbukumbu ya pekee ya kuvika umbo picha ya ngozi, ya mbao au ya ukuta, jambo ambalo watengeneza filamu hawakuweza kuishi bila hilo. Kadi ya chini, iliyoitwa SI, haikuwa na kumbukumbu hiyo. Mnunuzi wa filamu aliipita. Lakini mhandisi anayesanifu gia hahitaji kuivika gia picha ya chochote; anahitaji mistari na nyuso zizunguke bila kukwama, na kazi hiyo SI iliifanya vizuri. Mashine iliyodharauliwa na soko moja ilikuwa chaguo zuri kwa soko la pili.

Upande wa Sun kulikuwa na mtego wa jina. Kadi ya Creator na kadi ya Creator3D zilifanana sana, na wauzaji wasiojua waliziandika kana kwamba ni kitu kimoja. Creator ya kawaida ilikosa kumbukumbu ya kina, ile inayokumbuka uso upi uko mbele na upi umejificha nyuma. Bila hiyo, prosesa yenyewe ilibeba kazi ya kuficha nyuso za nyuma, na umbo lenye sehemu mia mbili lilizunguka kwa kwikwi. Creator3D ilikuwa nayo. Herufi mbili kwenye tangazo la mnada zilitofautisha mashine ya kusanifia na mashine ya kuandikia barua.

Mfano wa karibu zaidi ni Ultra 5 na Ultra 10, zilizotoka pamoja Januari 1998. Ndani zilitumia bodi ileile. Ultra 5 ilikuwa kisanduku bapa, Ultra 10 ilikuwa mnara. Mwenye haraka aliona tofauti ya umbo tu akachagua ya bei ya chini. Lakini nafasi maalumu ya kuchomeka Creator3D ilikuwepo kwenye Ultra 10 peke yake. Ultra 5 ilibaki na kadi ndogo iliyojengwa ndani, isiyofaa kwa maumbo mazito. Zote mbili zilitumia diski za IDE, aina ileile ya kompyuta za kawaida, ambayo kila duka la vipuri liliiuza. Wataalamu wa zama zile waliwalaumu Sun kwa kuachana na diski za SCSI zenye kasi. Kwa mnunuzi wa pili, lawama hiyo iligeuka neema: diski ilipokufa, mpya ilipatikana mtaani kwa bei nafuu.

Yaliyobaki yalikuwa madogo yaliyokera. Plagi ya skrini ya mashine za Sun na za Silicon Graphics ilifanana, matundu matatu manene na kumi membamba, lakini nyaya za ndani zilipangwa tofauti, kwa hiyo skrini ya huku haikufanya kazi kule bila kebo yake. Skrini zenyewe, za inchi 20 au 21, zilikaribia kilo 30 kila moja, na gharama ya kuisafirisha iliweza kuipita bei yake. Bodi za Octane ziligusana kwa viunganishi vya kubana vyenye nyuzi laini mno. Aliyezing'oa kwa pupa na kuzipangusa kwa kidole alizimaliza. Madalali wengi walifuta diski kabla ya kuuza, hivyo mashine ilifika tupu; isiyofutwa ilifika na nenosiri la msimamizi ambalo hakuna aliyelijua. Dawa ya yote mawili ilikuwa CD za mfumo endeshi. Hapo napo palikuwa na kizingiti: mashine hizi zilitaka kisomaji cha CD chenye uwezo wa kusoma vipande vya baiti 512, tofauti na vile vya 2,048 vilivyozoeleka kwenye kompyuta za kawaida. Kisomaji cha duka la mtaani kilizunguka, taa ikawaka, na mfumo haukuanza.

Turudi kwenye betri.

Ndani ya mashine ya Sun kuna chipu nyeusi, nene kuliko wenzake, iliyochomekwa kwenye kitako chake na mara nyingi kubandikwa karatasi yenye mistari na namba. Chipu hiyo hutunza saa, mipangilio, anwani ya mtandao na namba ya utambulisho. Hutunza yote kwa betri iliyofunikwa kwa plastiki juu yake, betri iliyokusudiwa kudumu takriban miaka kumi. Mashine iliyotengenezwa mwaka 1992 ilifika kwa mnunuzi wa pili au wa tatu ikiwa imebakiza pumzi chache. Ilipokaa bila umeme kwenye ghala la dalali, ilikata roho.

Namba hiyo ya utambulisho ndiyo iliyoshikilia leseni. Programu nyingi za kihandisi zilitumia mfumo uitwao FLEXlm. Leseni yake ilikuwa faili dogo la maandishi linalosomeka kwa macho: jina la programu, toleo, tarehe ya mwisho, idadi ya watumiaji, namba ya mashine, na mwishoni mfuatano wa tarakimu uliokokotolewa kutokana na hayo yote. Kubadilisha herufi moja kuliharibu hesabu, na programu ikakataa. Namba ikiwa f nane, hakuna leseni iliyolingana nayo.

Mafundi walipata njia mbili za kuifufua. Ya kwanza ilikuwa kununua chipu mpya, kuichomeka, kisha kubonyeza vitufe vya Stop na A kwa pamoja ili mashine isimame kwenye neno fupi la ok. Hapo fundi aliandika namba upya, tarakimu kwa tarakimu, na kumalizia na hesabu ya uhakiki. Namba ya zamani iliweza kupatikana tena, kwa sababu sehemu yake ya mwisho ilifanana na mwisho wa anwani ya mtandao, na mara nyingi ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya juu ya chipu. Njia ya pili ilihitaji mkono mtulivu. Fundi alikwangua plastiki kwa msumeno mdogo mpaka miguu ya betri ikaonekana, akaikata, akauunga kwa risasi mfuko mdogo wa betri ya saa ya volti 3. Kazi ya saa moja, kwa kipuri cha bei ya kikombe cha kahawa, ilirudisha kazini mashine iliyowahi kugharimu maelfu ya dola.

Mbinu hiyohiyo iliweza kutumiwa vibaya. Aliyejua kuandika namba yake mwenyewe aliweza kuandika ya mwingine, na kuzifanya mashine mbili zionekane moja mbele ya leseni. Huo ni wizi, hata kama vifaa vya kuufanya vilikuwa betri na chuma cha kuungia. Lakini mwenye leseni halali aliyefufua mashine yake hakumwibia mtu, na ni halali kumtetea. Alilipa kwa ajili ya chombo, na chombo kilikuwa kinamfia mikononi kwa sababu ya betri.

Kwa wengi tatizo lilianza mapema zaidi. Mikataba ya programu ilieleza kwamba leseni ni ya mteja wa kwanza na haiambatani na mashine inapouzwa. Mnunuzi aliyewasha Octane akaona programu ya usanifu bado imo kwenye diski alidhani ameokota dhahabu. Alichonacho kilikuwa nakala asiyoruhusiwa kuitumia. Waliokuwa makini waliandika kwanza kwa mwenye programu, wakauliza kama leseni inaweza kuhamishwa, kwa ada gani, na kama toleo hilo bado linahudumiwa. Jibu likija ndipo walipotafuta mashine. Mfumo endeshi haukuwa na usumbufu kiasi hicho, hasa baada ya mwaka 2000, Sun ilipotoa Solaris 8 bila malipo ya leseni kwa mashine ndogo.

Kwa hesabu ya uzito wote huo, chaguo la busara kwa mhandisi mdogo wa mwaka 2002 au 2003 lilikuwa Ultra 10 yenye Creator3D na kumbukumbu ya gigabaiti 1, kiwango chake cha juu. Haikuwa ya kasi kuliko zote. Octane iliishinda kwa mbali katika kuzungusha maumbo, na mashine za Hewlett-Packard za mfululizo wa C, kama C3000 na C3600, ziliishinda kwa hesabu, tena zilipuuzwa na wakusanyaji wa vifaa vya kale kwa kuwa hazikuwa na rangi wala umbo la kuvutia. Lakini Ultra 10 ilikubali diski ya mtaani, mfumo wake ulipatikana bure, na programu kubwa nyingi zilikuwa na toleo lake. Mashine ya mtumba hupimwa kwa siku itakapoharibika, na siku hiyo Ultra 10 ilitengenezeka.

Kuna waliokuwa na sababu za kununua mashine za zamani zilizo tofauti kabisa na unafuu. Mwaka 2002 ilijulikana kwamba NASA ilikuwa ikitafuta chipu za Intel 8086 za miaka ya nyuma kwenye minada ya eBay, kwa ajili ya vifaa vya kupimia vya vyombo vyake vya anga. Ndege, mtambo wa umeme au meli huishi miaka 30 na zaidi. Kompyuta iliyochora vipuri vyake huachwa baada ya miaka mitano. Karakana iliyobeba dhamana ya vipuri hivyo ilihitaji mashine ya pili ileile kwenye kabati, na ya tatu ya kukwanyulia vipuri. Wanunuzi hao waliweka bei juu hata wakati watu wengine walipokuwa wakizitupa.

Kiwandani, mwisho ulifika kimya. Silicon Graphics iliacha kutengeneza mashine za IRIX tarehe 29 Desemba 2006, na mwaka 2009 mali zake zikauzwa kwa kampuni ya Rackable Systems. Oracle ilikamilisha kuinunua Sun Januari 2010. Majengo yalipata wapangaji wapya: makao ya Silicon Graphics kule Mountain View yakawa ya Google, na jengo lake jingine likawa Makumbusho ya Historia ya Kompyuta. Facebook ilipohamia kwenye uwanja wa Sun mjini Menlo Park mwaka 2011, iligeuza kibao cha barabarani na kuandika jina lake upande wa pili. Jina la Sun likabaki mgongoni.

Mashine zilizobaki bado ziko kwenye stoo za vyuo, za viwanda na za mashirika ya ndege, nyingine zikiwa na michoro ambayo haipo popote pengine. Mwenye kuikuta moja asikimbilie kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu. Anakili kwanza namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya chipu ile nyeusi, atoe nakala ya diski nzima pamoja na faili la leseni, kisha atafute CD za mfumo wake kwenye makabati ya jirani kabla hazijafagiliwa.